Mkia wa Shati la Elwood

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, saa nane mchana, Elwood Hauck alitandika gazeti la juzi kwenye meza ya jikoni, akalaza juu yake bunduki aliyoinunua asubuhi mnadani, akaomba kitambaa. Mkewe Verna akamrushia kipande cha fulana kuukuu bila kugeuka. Alikuwa anatumbukiza mayai ya kuchemsha kwenye siki ya bitiruti, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

Hiyo ilikuwa bunduki ya kumi na tisa. Zile kumi na nane zilikuwa sebuleni ndani ya kabati la kioo, zimesimama bega kwa bega kama wanakwaya, zote za zamani, zote za pampu. Bunduki ya pampu ina mkono wa mti chini ya mtutu. Ukishapiga, unauvuta mkono huo nyuma, ganda la risasi iliyokwisha linaruka nje, unausukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Huko kwao milimani, wilaya ya Potter, mtoto anaijua kazi hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Zipo pia zile zinazojipakia zenyewe, wewe kazi yako ni kidole tu, lakini sheria ya jimbo lao la Pennsylvania hairuhusu kumwinda kulungu kwa bunduki ya namna hiyo. Ukiitaka, unavuka mpaka kwenda upande wa New York. Mjomba wake Elwood alikuwa anakaa huko, na Elwood alijifunzia huko kupiga, kwa bunduki hiyo ya kujipakia. Hilo tuliweke kando, tutalihitaji.

Watu walisema Elwood ana ugonjwa wa kukusanya bunduki. Haikuwa hivyo. Alikuwa anatafuta moja tu, ya kwake mwenyewe, aliyoiuza mwaka sabini na tatu kwa msafiri mmoja pale penye kituo cha mafuta, na kila akisikia mnada kwenye ghala la mtu aliyefariki alikwenda. Akiikosa yake, ananunua iliyopo, ili asirudi mikono mitupu. Kila aliyoinunua aliipeleka msituni siku moja, isije ikajiona imenunuliwa ya kusimama tu.

Hii ya kumi na tisa alipoifuta vumbi kwenye kitako, akaona alama za meno. Mbwa wake Pretzel aliwahi kukitafuna kitako hicho akiwa bado mdogo. Elwood akaweka kidole chake kwenye kila tundu, moja, mbili, tatu, nne. Halafu akashika mkono wa pampu akauvuta nyuma.

Ganda likaruka. Likagonga sakafu, likabingirika mpaka kwenye kiatu cha Verna, moshi unatoka. Nyuma yake ikamwagika theluji, nusu konzi hivi.

Verna akasogeza mguu.

“Lina moto,” akasema.

“Ni lile langu.”

“Na theluji nayo?”

“Ya mwaka ule ule.”

“Basi izoe kabla haijaingia chini ya friji.”

Elwood akaizoa kwa kizoleo akaimwaga kwenye sinki. Ganda akaliokota kwa kile kitambaa, akaliweka kwenye kisosi, na jioni walipomaliza kula lilikuwa bado la moto. Verna akaliwekea sahani ya pai juu yake.

Sasa habari ya ganda hilo ni hii. Mwaka sabini na mbili Elwood alikuwa na miaka ishirini na moja, ndoa yake ina miezi minne, na shati alilovaa kwenda kuwinda lilikuwa la flaneli ya kijani aliloshonewa na bibi harusi wake. Ndilo shati la kwanza Verna alilowahi kushona, na kola yake ilikuwa imekwenda upande kidogo. Kaka yake Verna, Merle Stauffer, ndiye aliyemwingiza Elwood kwenye kambi yao ya uwindaji. Asubuhi ya siku ya kwanza Elwood alikaa juu penye mawe, Merle akakaa chini upande wa pili wa kijito. Likaja dume la kulungu lenye pembe za ncha kumi na moja. Elwood akapiga mara moja. Dume likastuka, likaanza kuteremka, Elwood akavuta kidole mara ya pili, kimya. Mazoea ya kule kwa mjomba: alisahau kuvuta pampu. Mpaka anakumbuka, dume limeshapotea kwenye misonobari, na huko chini Merle anapiga, ta, ta, ta.

Elwood akateremka anakimbia, na katika kukimbia akavuta pampu, ganda likaruka likazama kwenye theluji ya magotini. Alipofika, dume limelala na Merle amesimama juu yake na lebo yake, ile karatasi ya kibali inayosema kulungu ni wa nani, ameshaifunga kwenye pembe.

Wakubwa wa kambi wakaja. Wakahesabu maganda ya Merle, matatu, yanang'aa. Wakamuuliza Elwood la kwake liko wapi. Wakapanda mpaka kwenye mawe alipokuwa amekaa, hakuna kitu. Kambi hiyo ina desturi kwamba mtu akipiga akakosa anakatwa mkia wa shati, yaani kitambaa chote cha nyuma, na mkia unapigiliwa misumari kwenye boriti pamoja na jina lake. Wakakaa wakajadiliana. Wakasema, huyu kijana kama alipiga basi alikosa, akatwe. Na kama hakupiga basi ametudanganya, akatwe vilevile. Aliyeshika mkasi alikuwa Merle. Halafu Merle akalichuna lile dume peke yake bandani, mlango umefungwa, kwa sababu ya upepo, alisema.

Kichwa kikajazwa, kikatundikwa juu ya jiko la kuni, na chini yake kibati cha shaba: MERLE STAUFFER, 1972. Kibao cha njia panda kikachorwa kichwa hicho. Kofia za kambi zikashonwa kichwa hicho. Miaka hamsini na kitu. Na Verna aliporudishiwa mume na shati lisilo na nyuma alilipokea mkononi. Alilifua, akalikunja, akaliweka kwenye droo.

Mwaka huu daktari alimwambia Elwood kwamba mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa, na milima basi, aage. Ndiyo maana mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, Ijumaa ya kuamkia msimu, anapakia gari kwenda kambini kwa mara ya mwisho, Verna alilitoa lile shati akalitandaza mezani. Akatunga uzi wa kijani kwenye sindano, akaichomeka kwenye pazia la jikoni.

“Kauchukue,” akasema. “Sitaki kukuzika na shati nusu.”

“Ni kaka yako, Verna.”

“Najua ni kaka yangu. Nimemfulia soksi huyo tangu nina miaka mitano. Kauchukue.”

Kambini walikuwa wameshafika. Merle, miaka themanini sasa, magoti yote mawili ya chuma, ndiye mwenyekiti tangu zamani. Irvin Rebuck yuko jikoni na sufuria yake. Duane Shimmel, katibu, mwenye daftari la kanuni, kijana wa miaka hamsini na tano. Na ndugu wawili wa ukoo wa Bitner, ambao huwa hawasemi kitu mpaka wale. Walikuwa wanalalamika, kama kila mwaka, kwamba serikali imehamisha siku ya kwanza ya msimu kutoka Jumatatu kwenda Jumamosi, na tangu ihamishwe hata kulungu wenyewe hawajui siku gani wakimbie.

“Shemeji,” Merle akasema, “nasikia umenunua gobore lingine. Kabati lako likianguka litaua mtaa.”

“Afadhali langu litaua,” Elwood akajibu. “Lako halijaua kitu tangu goti la kwanza.”

Wakacheka. Halafu Elwood akatoa ganda mfukoni kwa kitambaa akaliweka mezani. Akaeleza limetoka wapi. Irvin akanyoosha kiganja juu yake kama mtu anayepima tanuri, akasema kweli lina moto, akalisogeza katikati ya matofali mawili akaweka birika la kahawa juu. Kahawa haikupoa tena mpaka siku Elwood alipoondoka. Duane akauliza ni risasi ya namba gani. Thelathini na tano, Elwood akasema, ile nene. Duane akatikisa kichwa. Merle yeye alikuwa amegeukia dirishani, anaangalia kama gari lake limefungwa.

Juu ya jiko, sikio moja la lile dume lilikuwa limegeuka upande wa meza. Bitner mkubwa ndiye aliyeliona, na kwa kuwa walikuwa hawajala, hakusema.

Kesho yake, Jumamosi, Elwood hakupanda mlima. Alikaa chini kwenye kijito, kwenye kiti cha kukunja, amevaa rangi ya chungwa kama wenzake, bunduki ya meno ya Pretzel mapajani. Kwenye saa tatu asubuhi akapita jike mmoja, taratibu, anakula majani ya miiba. Elwood alikuwa na kibali cha jike. Akapiga mara moja, na mkono wake ukavuta pampu hata kabla masikio hayajaacha kulia. Ganda likaruka kuume. Akaliokota, likapoa kiganjani kama ganda lingine lolote. Jike alikuwa amelala pale pale. Elwood akavua kofia kidogo, kama anavyofanya siku zote, akaita wenzake waje wamsaidie kuvuta.

Saa kumi na nusu jioni walikuwa wote ndani, soksi zimeanikwa, Irvin anakata vitunguu vya ini. Ndipo dume likashuka ukutani. Lilianza kwa shingo, likavuta mabega, na mwili uliobaki ukafuata kutoka ndani ya mbao, polepole, maana pale ni padogo na pembe zilikuwa zinagonga boriti. Likakanyaga kwanza rundo la kuni, halafu sakafu. Ubao wake ukabaki mtupu ukutani na kile kibati chini. Likapita kati ya viti, likampita Merle, likaenda mpaka kwa Elwood likaweka kidevu kwenye goti lake.

“Atamwaga chumvi,” Irvin akasema, akahamisha kikopo.

Bitner mdogo akafunga mlango wa nje, baridi ilikuwa inaingia. Duane akachukua tochi akaliangalia lile dume ubavu. Upande wa kuume, ambako Merle alikuwa amekaa mwaka ule, manyoya yalikuwa mazima kama zulia la dukani. Upande wa kushoto, upande wa mawe, nyuma ya bega, kulikuwa na tundu moja. Duane akalinyanyua birika, akachukua lile ganda kwa koleo, akaupeleka mdomo wake kwenye tundu. Vikalingana. Dume halikujali, liliendelea kupumua kwenye suruali ya Elwood.

“Sasa tumejua,” Duane akasema, akarudisha ganda chini ya birika.

Wakala ini na vitunguu. Irvin akalilisha dume maganda ya tofaa. Saa moja lilipotaka kurudi, likawa linateleza kwenye kuni, ndugu wawili wa Bitner wakalisukuma kiunoni mpaka likaingia.

Hapo ndipo Elwood aliposema alichokuja kusema. Hakutaka kibati, alisema. Hakutaka kofia zibadilishwe wala kibao cha njia panda. Anataka ule mkia wa shati tu, ule wa kijani, wa nne kutoka dirishani, aende nao nyumbani. Mkewe ameshatunga uzi.

Duane akafungua daftari. Mkia hauondoki kwenye boriti ila kwa kura, na kura hupigwa Jumapili baada ya kifungua kinywa. Siku hizi serikali inaruhusu kuwinda Jumapili nyingine, lakini kambi hiyo Jumapili huwa wanapumzika na kuzozana.

Basi kesho yake, sahani zimeshaoshwa, Merle alimfuata Elwood barazani. Wakasimama wawili wanaangalia jike aliyening'inia kwenye gogo. Merle alikuwa anakwaruza barafu kwa fimbo yake.

“Amekuja kwako,” akasema. “Nimeona. Siwezi kusema sikuona.”

“Ulijua tangu siku ya kumchuna, shemeji.”

“Nilijua tangu sijafunga lebo.” Akakwaruza tena. “Nilikuwa na miaka ishirini na nane, Elwood. Baba alikuwa hai, yuko ndani anasubiri kuona nani ameleta. Halafu ikapita siku, ukapita mwaka. Unamwambia nani baada ya mwaka?”

“Mimi nilikuwepo.”

“Nitakununulia shati jipya. La sufu, lile zito. Mawili.”

“Lile alilishona dada yako.”

Merle akageukia mlango. Akasema miguu inamuuma, akaingia ndani.

Kambini kwao kura hupigwa hivi: kuna mkebe wa kahawa wenye kifuniko chenye tundu, na kila mtu anatumbukiza. Ganda tupu ni ndiyo, risasi nzima ni hapana. Kabla ya kutumbukiza, mwenye neno huruhusiwa neno. Duane akasema yeye binafsi anaamini tundu lile, amelipima kwa mkono wake, ila mikia iko thelathini na saba, ukishusha mmoja kwa haki itabidi uulizie haki ya yote thelathini na sita, na wengine wenyewe wameshakufa. Irvin akasema hilo ni jambo la watu na shemeji zao, yeye mpishi. Bitner mkubwa akasema Merle ana miaka themanini. Bitner mdogo akasema ndiyo, themanini. Wote walisema kwa upole, na Irvin akamwongezea Elwood kahawa, ya moto.

Wakatumbukiza mmoja mmoja. Elwood wa mwisho. Alikuwa na maganda tele mfukoni, lakini akanyanyua birika, akachukua lile kwa kitambaa, akalitia mkebeni.

Duane akamimina juu ya meza. Risasi tano nzima, na ganda moja, linatoa moshi.

“Litenge haraka,” Irvin akasema, “kabla hazijapashika.”

Duane akalitenga kwa koleo. Akaandika kwenye daftari: tano kwa moja, mkia unabaki. Halafu, kwa kuwa wino ulikuwa bado uko tayari, wakapitisha na kanuni mpya, na hiyo ilipita kwa sauti moja: dume linaruhusiwa kushuka kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa moja jioni, asiyekuwa na kazi nalo asilisumbue, na chumvi iwekwe mbali. Bitner mdogo akatengeneza ngazi ndogo ya mbao ili lisiteleze tena kwenye kuni. Merle mwenyewe ndiye aliyemshikia msumari.

Elwood alipakia nyama yake. Wakambebea kila kitu, asiinue kitu na moyo ule, wakamfunga mkanda wa gari kama mtoto. Merle akaweka mkono dirishani akasema amsalimie Verna. Elwood akasema atamsalimia.

Nyumbani Verna alisikia gari, akawasha jiko. Aliangalia mikono ya mumewe, akaona bunduki, akaona mfuko wa nyama, akaona kitambaa kile chenye ganda ndani yake. Aliweka sahani mbili na mayai mekundu. Walipokuwa wanakula Elwood akamsimulia yote kwa mpangilio, mpaka kura, mpaka ile ngazi ndogo.

“Tano,” Verna akasema.

“Tano.”

“Na yeye?”

“Wa kwanza kutumbukiza.”

Verna akatafuna yai lake mpaka likaisha.

Jumatatu jioni dume lilikuja. Kutoka kambini mpaka kwao ni maili thelathini na moja, nalo saa kumi na moja kamili lilikuwa kwenye ngazi za baraza, kwato zina matope ya barabarani. Elwood alikuwa amekaa na blanketi miguuni. Likamwekea kidevu gotini, likakaa mpaka giza lilipoingia vizuri, likaondoka. Likaja Jumanne. Likaja siku zote. Verna alianza kuliwekea matofaa yaliyopondeka kwenye beseni, na siku za mvua alifungua mlango wa jikoni lisimame ndani, akilisukuma kidogo kwa nyonga akitaka kupita kwenda kwenye sinki. Ganda walilitumia kupashia kitanda, upande wa miguu.

Huko kambini Merle alipiga simu mara moja tu, kuuliza kama wanaliona likifika salama, maana linarudi limechoka, na kutoka na kuingia kila siku kumeanza kuilegeza ile mbao. Verna ndiye aliyepokea. Akamwambia linafika. Merle akasema vizuri. Akasema pia kibati kilikuwa kimeanza kucheza, lakini Duane amekiongezea skrubu mbili.

Verna akaweka simu chini. Lile shati la kijani bado lilikuwa mezani, kola upande, mgongo haupo. Akalikunja akalirudisha kwenye droo. Sindano akaiacha pale pale kwenye pazia na uzi wake, na dume likija jioni huwa anainua pazia kwa uangalifu, isije ikalichoma puani.